Chupa ya chuma cha pua baada ya miezi 14: kila kitu kiko kwenye mfuniko

Chupa ninayoizungumzia ni ya chuma cha pua, yenye ujazo wa mililita 750, kuta mbili zilizotenganishwa na ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, mdomo mpana unaopitisha brashi bila taabu, na mifuniko miwili: mmoja wa kuzungusha na mwingine wenye mrija wa kunyonyea. Nimeibeba kwa miezi 14, karibu kila siku. Aliyeitengeneza sitamtaja, kwa kuwa chupa za namna hii zinazotoka katika viwanda mbalimbali zimefanana kama shilingi kwa ya pili, na mengi nitakayoyasema yanazihusu karibu zote.

Sanduku lake linaahidi kwamba maji yatakaa baridi kwa saa 24 na moto kwa saa 12. Ahadi hiyo ilitimia kwa kiasi cha kuridhisha, na sitaishughulikia sana, maana sikuinunua kwa ajili hiyo. Niliinunua ili niachane na maji ya chupa za plastiki, zile zinazonywewa mara moja na kutupwa, ambazo nilikuwa nikizimaliza moja, pengine mbili, kila siku ya kazi. Kwa hiyo nilijiwekea kipimo kimoja tu. Kila nilipojikuta nimenunua maji ya plastiki ilhali ninayo chupa ya chuma, ile chupa tupu niliirudisha nyumbani na kuitia katika boksi lililokaa nyuma ya mlango, na mwisho wa mwezi nilizihesabu. Chupa ya kubebwa inayokaa kabatini haipunguzi taka hata kidogo, hata kama imetengenezwa kwa ustadi wa namna gani. Boksi lile ndilo lililokuwa na uwezo wa kuniambia ukweli.

Mwezi wa kwanza boksi lilipata chupa 6, na mwezi wa pili 4. Mwezi wa tatu zikawa 17, nikadhani nimekosea kuhesabu. Nilizimwaga sakafuni nikazihesabu upya, zikawa 17 vilevile. Sikuwa nimesafiri, sikuwa nimeugua, wala jua halikuwa kali kuliko kawaida. Nilipojiuliza vizuri nikatambua kwamba kwa muda wa wiki mbili nilikuwa nikiiacha chupa ya chuma mezani kila asubuhi, na kwamba sikuwa nikiisahau. Nilikuwa nikiikwepa, kwa sababu maji yake yalikuwa yameanza kunuka kama tambara la kudekia lililokaukia kivulini.

Harufu hiyo haikutoka kwenye chuma. Niliosha tumbo la chupa kwa brashi ndefu na maji ya moto, nikaliacha likauke, nikanusa, sikusikia kitu. Niliponusa mfuniko nilirudisha uso nyuma. Ndani ya mfuniko ule wa kuzungusha mna pete ya silikoni nyeupe, unene wake kama wa kamba ya kiatu, iliyokaa katika mfereji mwembamba, na kazi yake ni kuzuia maji yasivuje. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikiosha juu ya pete hiyo kila siku bila kujua kwamba inatoka. Siku hiyo niliichokoa kwa mpini wa kijiko ikafyatuka, na chini yake nikakuta utando mweusi, wenye utelezi kama ute, umeuzunguka mfereji wote bila kuacha nafasi. Juu ya silikoni yenyewe palikuwa na nukta za ukungu zilizokwisha kuzama ndani, ambazo sikuweza kuzitoa hata kwa kusugua kwa mswaki. Maji niliyokuwa nikinywa yalipita juu ya hayo yote.

Mfuniko wa mrija ulikuwa na hali mbaya zaidi. Una kipande cha kinywani kinachojikunja, vali ndogo ya silikoni, kitundu cha kuingizia hewa, na mrija wenyewe, na kila palipokutana vipande viwili palikuwa na unyevu uliojificha. Brashi nyembamba ya kusafishia mrija haikuja pamoja na chupa, nami nililazimika kuitafuta kwingine. Kuanzia hapo nimeuacha mfuniko huo kabisa, na yeyote anayefikiria kununua chupa ya aina hii ningemwomba auangalie mfuniko kabla ya kuangalia rangi. Aufungue, aone kama pete inatoka kwa urahisi, ahesabu pembe ambazo kidole wala brashi haiwezi kuzifikia. Mfuniko wenye vipande vichache ndio bora, ingawa kwenye rafu ndio unaoonekana wa kawaida kuliko yote.

Usafishaji unaonifaa sasa ni mwepesi. Kila jioni natoa pete, naosha mfuniko na pete kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, kisha naviacha vikauke mbalimbali hadi asubuhi, chupa ikiwa imeinamishwa na mdomo wake uko wazi. Kukauka huko ndiko kunakofanya kazi kubwa, kwa kuwa ukungu hauwezi kuishi bila unyevu. Mara moja kwa wiki natia ndani ya chupa vijiko viwili vya bikaboneti ya soda pamoja na maji ya moto, naacha vilale usiku mzima, na pakitokea madoa meupe ya chokaa natumia siki iliyochanganywa na maji. Dawa za kung'arishia nguo zenye klorini sizigusi, na ni vyema kila mtu akazikwepa. Chuma cha pua kinachotumika katika chupa hizi kwa kawaida ni kile chenye kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8 hivi, na kinachokilinda kisishike kutu ni utando mwembamba mno wa oksidi ya kromiamu unaojitengeneza wenyewe juu yake. Kloridi hutoboa utando huo na kuacha vishimo vidogo ambavyo baadaye hushika kutu.

Baada ya kuanza utaratibu huo, boksi lilipata chupa 5 mwezi wa nne, 3 mwezi wa tano, na kuanzia hapo halijawahi kuvuka 6. Sijabadili chupa, sijabadili tabia nyingine yoyote. Nimebadili tu pete na namna ya kuiosha.

Kuhusu mwili wa chupa sina mengi. Wazo la kuta mbili na ombwe katikati ni la James Dewar, mwanasayansi wa Scotland, aliyelibuni mwaka 1892 kwa ajili ya kuhifadhi gesi zilizopozwa hadi kuwa kimiminika; mahali pasipo na hewa joto halina cha kulibeba, kwa hiyo linalopotea hupotea zaidi kupitia shingo na mfuniko. Chupa yangu imeanguka mara tatu, mara moja kutoka kwenye ngazi, ikabonyea ubavuni, na bado inahifadhi baridi. Ingebonyea hadi kuta mbili zigusane, au ombwe lingevuja, ungelitambua jambo hilo kwa mkono: ukitia maji ya moto ubavu wa nje unapata joto. Katika kitako kuna kifuniko kidogo cha duara. Watengenezaji wengine huziba tundu la ombwe kwa madini ya risasi na kuifunika mahali hapo, na maji hayawezi kuifikia. Hata hivyo kifuniko hicho kikibanduka chupa isiendelee kutumiwa, hasa na watoto wanaopenda kutia kila kitu mdomoni. Changu kipo imara, ila nimekuwa na mazoea ya kukipapasa. Ikiwa tupu chupa ina uzito wa gramu 390 kwenye mizani ya jikoni, na kwa mtu anayetembea mwendo mrefu huo si uzito wa kudharau.

Wengi wanaoniona nikiibeba huniuliza kwa nini nijitwishe mzigo huo wakati chupa ya plastiki inaweza kujazwa tena na tena. Swali ni la haki, nami nilifanya hivyo kwa miaka kadhaa. Chupa ya kawaida ya maji hutengenezwa kwa plastiki iitwayo polietilini terefthalati, inayofupishwa PET, na siku hizi hufanywa nyembamba kiasi kwamba ile ya nusu lita ina gramu kumi na kitu tu. Shingo yake ni nyembamba, brashi haiingii, na maji ya moto huifinyanga ikapinda. Haikutengenezwa ioshwe. Ukiijaza tena kwa siku moja mbili hakuna msiba, lakini wiki moja baadaye ina uteute uleule niliouona chini ya pete yangu, tofauti ikiwa kwamba huwezi kuufikia. Wala isiachwe ndani ya gari lililofungwa juani. Antimoni, aina ya madini ambayo hutumika kuharakisha utengenezaji wa PET, huingia katika maji kidogo kidogo, na joto huongeza kasi hiyo.

Lipo pia suala la chembechembe. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzao walichapisha katika jarida la kisayansi la PNAS matokeo ya kuchunguza maji ya chupa ya aina tatu zinazouzwa Marekani, wakakuta kwa wastani chembe za plastiki zipatazo 240,000 katika lita moja, asilimia 90 kati yake zikiwa ndogo mno kiasi cha kutoonekana kwa hadubini za kawaida. Idadi hiyo ilitangazwa sana, lakini sehemu yake inayonivutia ilipita kimyakimya: chembe za PET zilizidiwa idadi na za plastiki nyingine. Plastiki hiyo ni poliamidi, aina ya nailoni, ambayo watafiti walidhani inatokana na vichujio vinavyotumika kusafishia maji kabla hayajatiwa chupani. Ni kusema kwamba hata maji yanayotiwa katika chuma yanaweza kuwa nazo ikiwa yamepitia vichujio vya aina hiyo. Shirika la Afya Duniani lilipolitazama suala la chembe za plastiki katika maji ya kunywa mwaka 2019 lilisema kwamba kwa viwango vilivyojulikana wakati huo hazikuonekana kuwa hatari kwa afya, na papo hapo likakiri kwamba taarifa ni chache. Kwa hiyo simwuzii mtu chupa ya chuma kwa kumtia hofu. Ninayo sababu nyingine, nayo ni ile iliyomo katika boksi.

Boksi lilipojaa mara ya kwanza nilifanya jambo la kitoto. Nilichukua chupa moja, nikaikata vipande kwa mkasi, nikakata na kizibo chake pamoja na ile pete ndogo inayobaki shingoni, nikavitia vyote katika beseni la maji, nikavibonyeza chini kwa kiganja ili vilowe vizuri, kisha nikaachia. Vipande vya kizibo vilipanda juu mara moja. Vipande vya mwili wa chupa vilibaki chini, vimelala kama magamba ya samaki, vigumu kuonekana. PET ina uzito wa gramu 1.38 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, hivyo huzama. Kizibo hutengenezwa kwa polipropilini au polietilini nzito, zenye gramu 0.90 hadi 0.96, hivyo huelea. Viwanda vya kurejeleza hufanya jambo hilohilo katika matangi makubwa, baada ya chupa kusagwa: kinachoelea kinachotwa upande mmoja, kinachozama kinatolewa upande mwingine, na bila mkono wa mtu plastiki mbili zimeachana.

Ubaya ni kwamba si kila kitu kinakubali kutengwa hivyo. PVC, plastiki ya mabomba, ina uzito unaokaribiana na wa PET, hivyo nayo huzama, na vipande vyake vichache vikiponyoka hadi kwenye tanuri huharibika kabla PET haijayeyuka sawasawa, vikitoa asidi ya hidrokloriki na kuacha plastiki yote imekuwa ya manjano yenye madoa. Ndiyo maana kabla ya kusagwa chupa hupitishwa mbele ya mashine za mwanga wa infraredi zinazotambua aina ya plastiki kwa namna inavyourudisha mwanga, na pumzi ya hewa husukuma nje ile isiyotakiwa. Mashine hizo nazo hudanganyika. Chupa iliyovishwa lebo ya plastiki kuanzia shingoni hadi kitakoni husomwa kama lebo yake, na plastiki nyeusi yenye masizi ya kaboni humeza mwanga wote isionekane kabisa. Chupa angavu isiyo na rangi ndiyo inayopokewa kwa mikono miwili. Ya samawati hafifu na ya kijani hupata soko dogo zaidi, na zenye rangi nzito mara nyingi huishia pembeni. Mtu aliyeziokota barabarani kwa ajili ya kuziuza analijua hilo kuliko wengi wetu tunaoinunua chupa kwa sababu rangi yake inapendeza.

Zilizopita mtihani huo huoshwa kwa maji ya moto yenye kostiki soda ili gundi ya lebo iachie, hukaushwa kwa makini kwa sababu unyevu ukibaki huikata minyororo ya molekuli za PET wakati wa kuyeyushwa, kisha huyeyushwa kwa joto la nyuzi za Selsiasi zinazozidi 250 na kukatwa kuwa punje. Hata kwa uangalifu wote huo, kila mzunguko huifupisha minyororo hiyo na kuifanya plastiki kuwa dhaifu zaidi, na kuirudisha katika ubora wa kutengenezea chupa kunahitaji hatua nyingine ya kuipasha joto kwa saa nyingi ikiwa ingali yabisi. Viwanda vya namna hiyo vipo, na kazi yao ni njema. Lakini sehemu kubwa ya PET iliyokusanywa tangu zamani imegeuzwa nyuzi za mazulia, mito na mavazi, na nguo ikishachakaa hakuna anayeirudisha kuwa chupa. Kuna kichekesho hapa: PET yenyewe ilivumbuliwa mwaka 1941 nchini Uingereza na John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya wapiga chapa za vitambaa, na walichokuwa wakikitafuta ni uzi. Chupa ilikuja baadaye sana, Nathaniel Wyeth wa kampuni ya kemikali ya DuPont alipopata hataza yake mwaka 1973. Inapogeuzwa koti, PET inarudi kwao.

Kwa picha ya jumla, uchunguzi wa mtafiti Roland Geyer na wenzake uliotoka mwaka 2017 ulikadiria kwamba kati ya taka zote za plastiki zilizokuwa zimezalishwa duniani hadi mwaka 2015, zilizorejelezwa ni asilimia 9 tu, asilimia 12 zilichomwa, na asilimia 79 zilikuwa dampo au zimezagaa. Hesabu hiyo ni ya plastiki za kila aina, na chupa za PET zina nafuu kuliko nyingi, hasa pale ambapo mnunuzi huweka amana na kurudishiwa anaporejesha chupa. Hata hivyo inatosha kueleza kwa nini sikuridhika na jibu la kwamba ninunue tu na kuitia katika pipa sahihi. Ile pembetatu ya mishale yenye namba 1 chini ya chupa, iliyoanzishwa mwaka 1988 na chama cha wenye viwanda vya plastiki Marekani, inataja aina ya plastiki. Haimwahidi mtu yeyote kwamba chupa hiyo itarejelezwa.

Chupa zangu chache zinazobaki kila mwezi bado nazipeleka. Nazimwaga maji yaliyosalia, maana kioevu huongeza uzito na hulowesha karatasi zilizokusanywa pamoja nazo, na sitii ndani yake vichungi vya sigara wala mafuta. Kizibo nakirudishia mahali pake pale ambapo wakusanyaji wanakikubali, kwa kuwa kikiwa peke yake huponyoka kwenye machujio na kuishia mtaroni. Umoja wa Ulaya uliliona hilo, na kuanzia Julai 2024 vizibo vya vyombo vya vinywaji visivyozidi lita 3 sharti vibaki vimeshikamana na chupa. Chupa zinazokwenda kwenye mashine za amana sizibonyezi, kwa sababu mashine inahitaji kusoma lebo. Zinazokwenda kwenye gunia nazibonyeza ili zisibebe hewa.

Nirudi kwenye chupa yenyewe, kwa kuwa ina kasoro ambazo si haki kuzificha. Ya kwanza ni kwamba kuitengeneza kunakula nishati na madini mengi kuliko kutengeneza chupa moja ya plastiki, na tathmini zilizokusanywa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2020 zinaonyesha kwamba chombo cha kutumiwa tena huanza kuwa na faida kwa mazingira baada ya kutumiwa mara nyingi. Kwa mtu anayeibeba kila siku hilo si tatizo. Kwa mtu mwenye chupa saba za rangi saba zinazolingana na viatu vyake, sijui tunaongea nini. Nimewahi kupewa mbili kama zawadi katika mikutano, zote zikiwa na nembo kubwa na mfuniko unaovuja, na nadhani waliozigawa walihesabu kwamba wameokoa mazingira.

Ya pili ni vinywaji. Hii ni chupa ya maji, na matokeo ya kuitilia vinywaji vingine nimeyaona mwenyewe. Chai ya maziwa niliyoisahau ndani kwa siku moja ilihamia katika pete, na pete haikuisamehe. Wiki tatu baadaye maji bado yalikuwa na harufu ya maziwa yaliyolala. Soda hutengeneza shinikizo, na mfuniko ukifunguliwa huruka. Kuhusu kuvuja, mfuniko wa kuzungusha haukuwahi kunimwagia hata mara moja, ila ule wa mrija uliniharibia daftari zima la kazi nilipoulaza ndani ya begi.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo haimo katika chupa. Chombo hiki kinafaa tu pale ambapo mtu ana maji salama ya kukitilia. Asiye nayo atayachemsha, na mwongozo wa kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa unataka yatokote kwa dakika moja, au dakika tatu kwa maeneo yaliyo juu zaidi ya mita 2,000, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Hiyo ndiyo njia yangu ninapokuwa mahali nisipoyaamini maji ya bomba: nachemsha usiku, asubuhi nayamimina. Lakini kuna watu wasio na kuni wala gesi ya kutosha, na kwao chupa ya plastiki ninayoilaumu hapa ina kazi ambayo ya kwangu haiwezi. Chupa angavu ya PET isiyozidi lita 2, ikijazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juani kwa saa 6, au siku 2 kukiwa na mawingu, huua vijidudu vingi vinavyoleta kuhara, kwa sababu plastiki hiyo inapitisha miale ya jua inayohitajika. Njia hiyo imeenezwa kwa miaka mingi na taasisi ya utafiti wa maji ya Eawag ya Uswisi. Chuma hakipitishi mwanga wowote. Sitamwambia mtu wa namna hiyo atupe chupa yake.

Malalamiko yangu ya mwisho yanamhusu muuzaji. Pete niliyoitoa kwenye mfuniko ilikuwa imeharibika isitengenezeke, nami nikamwandikia nikitaka kununua pete nyingine. Alinijibu baada ya siku tisa kwamba pete haiuzwi peke yake. Alinitaka niagize mfuniko mzima. Mfuniko ulikuja ndani ya mfuko wa plastiki, uliofungwa ndani ya mfuko mwingine wa plastiki wenye viputo vya hewa, ndani ya boksi ambalo lingeweza kuchukua mifuniko ishirini. Chupa hiyohiyo inatangazwa kuwa ya maisha. Mwili wake huenda ukadumu miaka mingi kweli, lakini silikoni hulegea, na kipande cha gramu mbili kinapokosekana gramu 390 za chuma kizuri hugeuka pambo la kabatini.

Baada ya miezi 14 boksi limepokea chupa 71 kwa jumla. Nikichukua hesabu ndogo kabisa ya zamani, chupa moja kwa kila siku ya kazi, ningekuwa nimekwisha kufikia 300 hivi. Kwa hiyo chupa imefanya kazi niliyoinunulia, na mfuniko wa kuzungusha naupa alama zote. Mwili alama nne kati ya tano kwa sababu ya uzito. Mfuniko wa mrija sifuri. Huduma baada ya mauzo naipa moja, kwa kuwa angalau walijibu. Mwishowe nilipata pete ya silikoni ya kipimo kilekile katika duka la vifaa vya mabomba, iliyoandikwa kwamba inafaa kwa maji ya kunywa. Nilinunua tatu. Moja ipo kwenye mfuniko, mbili nimezitia ndani ya bahasha na kuibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo, na juu yake nimeandika kipenyo kwa milimita, nisije nikakisahau.